Maji Hayajui Idara

Hotuba hii niliitoa mbele ya madiwani, wakuu wa idara na mafundi wa halmashauri katika ufunguzi wa semina ya siku mbili. Nimeipanga upya kidogo ili isomeke, lakini maneno ni yale yale.

Waheshimiwa madiwani, wakuu wa idara, wahandisi, maafisa afya, na ninyi ndugu zangu wa nyuma kule mnaoshika koleo na toroli, habari za asubuhi.

Kwenye ratiba nimepangiwa mada tatu: mifereji ya maji ya mvua, majitaka, na urejelezaji wa taka. Kila mada ina dakika zake. Mheshimiwa mwenyekiti, naomba radhi mapema, nitazichanganya. Sina namna, kwa sababu huko chini zimeshachanganyika zenyewe kabla sijapanda hapa.

Niwaanzie na kalavati moja, yaani ile njia ya maji inayopita chini ya barabara.

Miaka ya nyuma nilikuwa nasimamia mitaro katika halmashauri ambayo sitaitaja. Kulikuwa na barabara moja, kila mvua inajaa maji mpaka magotini. Tunapeleka watu, wanazibua mdomo wa kalavati, wanapakia mchanga, wanaondoka. Mvua inayofuata, maji yako pale pale. Kiangazi kimoja nikachoka, nikachukua tochi nikaingia mwenyewe. Siwashauri kufanya hivyo, na mbele nitasema kwa nini. Kalavati lilikuwa na kipenyo cha mita moja na kidogo, unaingia umejikunja kama mtu anayetafuta kitu uvunguni mwa kitanda. Hatua nne ndani nikagonga goti kwenye kitu. Kumulika, nikaona bomba la plastiki la inchi sita limekatiza kalavati kutoka ukuta hadi ukuta.

Lilikuwa bomba la majitaka. Waliokuwa wakililaza walifika kwenye kalavati, wakaona kupita chini yake ni kazi ya siku tatu, wakatoboa huku, wakatoboa na kule, wakalipenyeza. Wakaziba matundu kwa saruji, na kwa kweli fundi yule alikuwa na mkono mzuri, hapakuwa na hata ufa. Juu ya bomba ilining'inia mifuko, waya, kipande cha gunia na shati la mtoto lenye vifungo vyote. Nyuma ya takataka hizo chupa za plastiki zilikuwa zimejipanga safu kwa safu. Nyuma ya chupa, mchanga. Nyuma ya mchanga, maji ya kijani na mbu wake.

Bomba ni la majitaka, kalavati ni la barabara, chupa ni za taka ngumu, na mchanga, sote tunajua, hauna mwenyewe. Niliporudi ofisini nikaomba mafaili. Faili la majitaka lilisema mradi umekamilika na kukabidhiwa bila kasoro. La barabara lilisema kalavati limekaguliwa na ni imara. La taka lilisema ukusanyaji katika mtaa ule umefikia lengo la mwezi. Mafaili matatu safi kabisa, na barabara imezama.

Nimekuja na hoja moja tu, nayo ni hiyo kalavati. Hapa juu tumeigawa kazi kwa idara, na kila idara ina mkuu wake, gari lake na ripoti yake. Maji hayajui idara. Yanakusanya makosa ya kila mmoja wetu njiani na kuyashusha sehemu moja, kwa kawaida mlangoni mwa mtu ambaye hakuhusika na lolote.

Sasa tuiangalie mvua yenyewe, maana hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hiyo ndiyo hesabu yote. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000. Mtaa wa hekta 10 kwa mvua hiyo hiyo unapokea mita za ujazo 5,000, sawa na malori 500 ya kubeba maji ya lita 10,000 kila moja. Mvua kali huweza kuyaleta malori hayo yote ndani ya saa moja, na yote yanataka kupita mtaro mmoja.

Je, yote hufika mtaroni? Inategemea yameangukia wapi. Wahandisi wanayo kanuni ya zamani sana: eneo, mara ukali wa mvua, mara kizidishi cha uso wa ardhi. Kwa uwanja wa nyasi kizidishi hicho kinaweza kuwa 0.2, yaani katika kila lita kumi, nane zinazama ardhini au zinabaki kwenye majani. Kwa lami au bati ni 0.9. Kwa hiyo, waheshimiwa, kila mnapopitisha kibali cha ujenzi kinachogeuza nyasi kuwa zege, mmeagiza maji. Hayaji siku ya kusaini, yanakuja msimu wa mvua, na hayaendi kwa aliyejenga. Yanaenda kwa jirani wa bondeni. Husemwa kwamba mafuriko yameletwa na mvua isiyo ya kawaida. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi mvua ni ile ile ya babu zetu, ila mtaro ulichimbwa wakati nusu ya eneo lilikuwa vichaka.

Kuna jambo jingine hapa ambalo hata mafundi wazoefu hulikosea. Chukua mtaro wa mstatili, upana sentimita 60, kina sentimita 60. Mchanga ukijaa sentimita 30, mtu atakwambia tumebakiwa na nusu ya mtaro. Hapana. Maji yanaposukumwa kwenye nafasi fupi yanasuguana zaidi na sakafu na kuta, yanapunguza mwendo, na mtaro ule unapitisha asilimia 40 hivi ya maji uliyokuwa ukipitisha. Weka na mchanga wenyewe ulivyo na mawimbi na majani yaliyoota, hata hiyo 40 huifikii. Mtaro uliojaa nusu si mtaro wa nusu bei. Umelipia mtaro mzima, ukanunua theluthi.

Huwa naulizwa kwa nini tusijenge mahandaki makubwa kama wenzetu. Karibu na Tokyo, chini ya ardhi kiasi cha mita 50, kuna handaki la kilomita 6.3 linalopokea mito midogo inapofurika na kuisukuma kwa pampu hadi mto mkubwa. Kuala Lumpur ina handaki la kilomita 9.7, lililofunguliwa mwaka 2007, ambalo siku za kawaida sehemu yake ni barabara ya magari, na siku za gharika linafungwa na kuwa mto. Ni kazi za kuvutia, na mimi ni mtu wa mabomba, siwezi kusema sizitamani. Lakini handaki hupokea kile mitaro inachoweza kulifikishia. Mitaro yako ikiwa imeziba, utakuwa na handaki kavu chini na mji uliofurika juu.

Mimi napenda zaidi walivyofanya Copenhagen. Tarehe 2 Julai 2011 mji ule ulipigwa na mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa chache, vyumba vya chini ya ardhi vikajaa, barabara kuu zikafungwa. Mwaka uliofuata walipitisha mpango ambao kiini chake ni kukubali kwamba mabomba hayatatosha kamwe kwa mvua ya namna ile, hivyo maji yapangiwe mahali pa kukaa juu ya ardhi. Bustani ikashushwa kidogo ili iwe bwawa kwa saa chache. Barabara ikapewa mwinamo na kingo ili ijue inapeleka maji wapi. Uwanja wa kuchezea ukachimbwa katikati. Mtoto anacheza humo siku zote za jua, na siku ya gharika maji yanakaa humo badala ya sebuleni kwa mama yake. Hilo haliwezi kufanywa na mhandisi wa mitaro peke yake. Anahitaji mtu wa bustani, mtu wa barabara na mtu wa mipango miji wakae meza moja, na kukaa meza moja kwenye halmashauri nyingi ni kugumu kuliko kuchimba handaki.

Nije kwenye majitaka.

Mwaka 1858 London ilipata kiangazi cha joto kali na mto Thames, uliokuwa ukipokea kinyesi cha mji mzima, ukanuka kiasi kwamba wabunge walioketi kando yake walitundika mapazia yaliyolowekwa dawa ya klorini. Miaka mingi watu walikuwa wakifa kwa kipindupindu, na miaka minne nyuma yake daktari John Snow alikuwa ameshaonyesha kwamba vifo vya mtaa wa Soho vilizunguka pampu moja ya maji. Hayo hayakuharakisha sheria. Harufu ilipoingia ukumbini, sheria ilipita katika wiki chache, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikuu ambayo mji ule unaitumia mpaka leo. Sisemi kitu kuhusu waheshimiwa waliopo hapa. Ukumbi huu, nashukuru, uko mbali na mto.

Ila mfumo ule, kama mingi ya wakati ule, ulichanganya majitaka na maji ya mvua katika bomba moja. Mvua ikizidi, bomba halina budi kutapika, na linatapika mtoni. Wamehangaika na hilo muda mrefu, hadi juzi juzi tu, mwaka 2025, walipomaliza kuunganisha handaki jipya la kilomita 25 la kupokea hayo matapishi. Ndiyo maana miji iliyojengwa baadaye ilitenganisha: mvua njia yake, majitaka njia yake. Kwenye michoro tumetenganisha. Kwenye mitaa, njooni niwaonyeshe.

Bomba la majitaka la mtaani ni jembamba, mara nyingi inchi sita au nane. Limepimwa ili maji yakimbie angalau kama sentimita 60 kwa sekunde, kwa sababu yakienda polepole zaidi kinyesi na mchanga hutua na kuganda. Halina nafasi ya wageni. Sasa chukua familia ya watu watano, kila mmoja anatumia lita 100 kwa siku. Nyumba inatoa lita 500 za majitaka. Mwenye nyumba hapendi ua wake kutuama maji, anamwita fundi, fundi anaunganisha mfereji wa paa kwenye chemba, lile shimo lenye mfuniko la kuingilia bomba la majitaka. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50: lita 5,000. Kwa mvua moja nyumba hiyo imeliingizia bomba majitaka ya siku kumi. Nyumba thelathini za namna hiyo katika mtaa, na mfuniko wa chemba ya chini kabisa unaanza kucheza kama mfuniko wa sufuria. Halafu watu wanapiga simu kwamba idara ya majitaka imelala. Idara haijalala. Imefurikiwa na mvua ambayo si yake.

Na kinyume chake pia kipo. Kuna nyumba, na kuna majengo makubwa kuliko nyumba, ambayo choo kimeunganishwa kwenye mtaro wa mvua. Utayajua wakati wa kiangazi. Mtaro wa mvua hauna sababu ya kuwa na maji baada ya miezi mitatu bila mvua. Ukiona unatiririka, fuata mkondo kwenda juu, usiku ikiwezekana, kimya kikiwepo unasikia bomba likimwaga. Kazi hii haihitaji mtambo. Inahitaji watu wawili wenye miguu na diwani ambaye hatapiga simu kumtetea mwenye jengo.

Mafuta nayo nisiyasahau. Mwaka 2017, huko huko London, eneo la Whitechapel, walikuta ndani ya mfereji bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na vitambaa vya kujifutia. Lilikuwa na urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Mafuta yakiwa ya moto ni maji, yakipoa bombani ni sabuni ngumu. Kila jiko la biashara linatakiwa kuwa na sanduku la kunasa mafuta kabla ya chemba, na sanduku hilo lina maana pale tu kuna mtu wa kulikagua na mtu wa kulizoa. Tukitoa leseni bila kukagua, kazi hiyo tumempa mtu wa kuzibua chemba.

Naomba nisimame hapo, kwa mtu wa kuzibua chemba, kwa sababu nilisema nitaeleza kwa nini kuingia kwangu kalavatini kulikuwa ujinga.

Majitaka yakikaa bila hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo inanuka yai viza, na pua yoyote inaijua. Ikiwa nyingi, kitu cha kwanza inachoua ni pua. Mtu anasema harufu imepungua, anashuka ngazi, na kwa pumzi mbili tatu anaanguka. Mwenzake aliye juu anamwona ameanguka, moyo wa utu unamsukuma, anashuka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Ndivyo hutokea pote duniani, wawili watatu katika shimo moja. India ilitunga sheria mwaka 2013 inayokataza kumtuma mtu kusafisha mifereji ya majitaka na matangi bila vifaa vya kumkinga, na bado watu wamekufa, kwa sababu kazi hupewa mkandarasi, mkandarasi humpa mtu, na mtu ana njaa.

Kwa hiyo hapa sibembelezi. Hakuna anayeshuka chembani bila kipima gesi kushushwa kwanza kwa kamba, bila hewa kupulizwa, bila mkanda wa mwili uliofungwa kwenye winchi, na bila watu wawili juu ambao kazi yao ni kumvuta, si kumfuata. Kama halmashauri haina kipima gesi, basi haina kazi ya chemba, ina kazi ya kununua kipima gesi. Nimehudhuria msiba mmoja wa namna hii na sitausimulia.

Gesi hiyo hiyo, kwa njia, hula na zege. Bakteria wanaoishi kwenye dari ya bomba huigeuza kuwa tindikali ya salfa, na bomba huliwa kutoka juu, mahali ambapo hakuna maji. Ukiona barabara imedidimia shimo la mviringo ghafla, usiilaumu lami kwanza.

Kwa wale ambao mitaa yao haina mtandao wa majitaka, na hao ni wengi, hadithi inasafiri kwa gari. Shimo limejaa, gari la kunyonya linakuja, linaondoka na topekinyesi. Linakwenda wapi? Njia rahisi ya kujua ni kuhesabu. Chukua idadi ya magari yenye leseni, kadiria safari za wiki, kisha linganisha na stakabadhi za getini kwenye mabwawa ya kutibu. Stakabadhi zikiwa nusu ya safari, nusu nyingine iko mtaroni, na mtaro huo ni ule ule wa maji ya mvua. Kabla ya kumfunga dereva, angalia geti linafungwa saa ngapi, foleni ni ya muda gani na anatozwa nini. Ukimrahisishia dereva njia ya halali, wengi wataifuata.

Sasa taka. Nina swali nililojiuliza kwa miaka, nikiwa nimesimama pembeni mwa lundo lililotolewa mtaroni. Nimeona mifuko, chupa, viatu, magodoro. Sijawahi kufukua mtaro nikakuta shaba. Makopo ya alumini ni nadra. Chuma, hakuna. Kwa nini? Kwa sababu vina mnunuzi. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika kunakula asilimia 5 hivi tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye mwamba, kwa hiyo kiwanda kinaitaka, dalali anaitaka, na kijana mwenye gunia anaamka saa kumi na moja alfajiri kuitafuta. Kopo haliwahi kufika mtaroni.

Lundo la mtaroni, kwa maneno mengine, ni orodha ya vitu visivyo na mnunuzi. Likague. Pekua kwa fimbo, andika. Litakwambia soko la urejelezaji linaishia wapi katika mji wako kuliko ripoti yoyote ya mshauri. Mfuko mwembamba haununuliwi na mtu, kwa hiyo upo. Ndiyo maana Bangladesh ilipoona mifereji ya Dhaka imeziba kwa mifuko, hasa baada ya mafuriko ya 1988 na 1998, iliipiga marufuku mwaka 2002, na nchi nyingine zikafuata kwa sababu zao: Rwanda 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Watu wanazijua kama sheria za mazingira. Mimi nazihesabu pia kama sheria za mitaro.

Hapa kuna kosa ambalo halmashauri nyingi hulifanya kwa nia njema. Zinauanzisha urejelezaji kama mradi wa mapato. Bei ya plastiki ikipanda, kuna kituo, kuna ufunguzi, kuna fulana. Bei ikishuka, kituo kinafungwa na chupa zinarudi njiani. Mwanzoni mwa mwaka 2018 China ilipofunga mlango kwa aina nyingi za taka za kurejeleza kutoka nje, miji ya nchi tajiri iliyokuwa ikijisifu kwa makontena yake ilijikuta na maghala yaliyofurika karatasi na plastiki chafu, na mingine ikavipeleka dampo au kuvichoma. Walikuwa na mnunuzi mmoja, si mfumo.

Ombi langu ni kwamba gharama ya kukusanya kile kisicho na mnunuzi itoke kwenye kifungu cha mitaro. Mkilipa vikundi vya waokota taka kwa kilo ya plastiki nyepesi inayotolewa kabla haijaingia majini, mnanunua uwezo wa mtaro, na pengine kwa bei nafuu kuliko kuufukua. Curitiba, Brazili, tangu miaka ya mwanzo ya 1990 imekuwa ikibadilishana na wakazi: unaleta taka za kurejeleza, unaondoka na mazao. Ilianzia kwenye mitaa ambayo lori la taka halikuweza kupenya. Walipiga hesabu kwamba kama gari haliwezi kwenda kwa mtu, kitu chenye thamani kitamleta mtu kwenye gari.

Kuhusu kutenganisha taka nyumbani, msianze na mapipa matano ya rangi. Anzeni na mawili: mbichi na kavu. Katika miji isiyo tajiri, zaidi ya nusu ya taka huwa ni mabaki ya vyakula na majani, na hayo yakichanganyika na karatasi yameiua karatasi. Mbichi ikienda kwenye mboji, kavu inabaki kavu na inauzika. Na lori likija likachanganya tena vyote mbele ya macho ya mama aliyetenganisha, hatatenganisha mara ya pili, wala msimlaumu.

Kuna aibu nyingine ndogo, ya kingo. Tunawalipa vijana kufukua mtaro. Wanafukua, wanaweka tope pembeni, kwa sababu lori ni la idara nyingine na litakuja wiki ijayo. Wiki ijayo mvua inatangulia. Tope linarudi lilikotoka. Nimeona mtaro uliozibuliwa mara tatu katika msimu mmoja, mchanga ni ule ule, na kila mara ukalipiwa. Koleo na lori vitoke kwenye hati moja ya malipo. Kama lori halipo, koleo lisianze.

Nigusie fedha. Kujenga kuna utepe na picha. Kuzibua hakuna utepe, kwa hiyo kifungu cha kuzibua ndicho cha kwanza kuazimwa mambo yanapobana, na hakirudishwi. Zipo halmashauri, nyingi Ujerumani, na Philadelphia huko Marekani kuanzia mwaka 2010, zinazotoza huduma ya maji ya mvua kwa ukubwa wa eneo ambalo mtu amelisakafia, tofauti na ankara ya maji ya bomba. Mantiki yake ni nyoofu. Uwanja wa kuegesha magari wa hekta mbili unaweza kuwa na bomba moja la kunawia mikono, ukalipa kama kibanda, huku ukimwaga mtaroni maji kuliko mtaa mzima. Chini ya utaratibu ule, mwenye uwanja analipia anachomwaga, na akichimba bwawa au kung'oa sehemu ya zege akapanda nyasi, anapunguziwa. Najua tozo mpya hazipendwi. Lakini fedha hizo zikiingia mahali pake na kukaa mahali pake, mtu wa bondeni atakuwa wa kwanza kuzitetea.

Na ramani. Katika halmashauri moja niliyofanyia kazi, ramani ya majitaka ilikuwa mzee mmoja. Ukimwuliza chemba iko wapi, anaangalia mwembe, anapiga hatua kumi na mbili, anasema chimba hapa. Hakukosea hata mara moja. Alipostaafu, ramani ilistaafu naye, na tukaanza kulipa watu kutafuta kwa sululu kile ambacho yeye alikijua kwa miguu. Leo simu ya mkononi inatosha kurekodi kila chemba, kila kalavati, kila kituo cha taka, na mahali bomba la mmoja linapokatiza mtaro wa mwingine. Kaeni na wazee wenu kabla hawajaagwa. Na ramani iwe moja. Mkishakuwa na ramani tatu katika kompyuta tatu, mmeshajenga kalavati langu upya.

Kalavati lenyewe lilitengenezwaje? Barua zilichukua miezi kumi na moja. Majitaka walisema bomba lilifika baada ya kalavati, kwa hiyo barabara walipaswa kuwazuia. Barabara walisema hawakuombwa kibali. Taka walisema wao hawana bomba. Mwishowe mkurugenzi aliwaita wote watatu, akawapandisha gari moja, akawashusha pale, akawapa mabuti na kipima gesi, akasema kila mmoja aingie aangalie, kwa zamu, amefungwa kamba. Walitoka wamelowa. Bomba lilihamishwa kwa siku mbili.

Kesho, kwa hiyo, hatutakuwa ukumbini. Basi linaondoka hapa saa mbili kamili asubuhi. Tutafungua chemba nne, tutatembea mtaro mmoja kutoka juu hadi unapoingia mtoni, na tutapekua lundo moja kwa fimbo. Mkuu wa majitaka atakaa na mkuu wa taka kwenye kiti kimoja, nimeshapanga. Mabuti yapo ya kutosha, isipokuwa namba 44, ambayo iko jozi moja tu.